MGONGO USIOYUMBA



Twawasalimu nyote wa Kamanga, ninyi mnaovuka kwa kivuko asubuhi kwenda Mwanza kutafuta riziki na kurudi jioni, na ninyi mnaobaki huku na majembe yenu na nyavu zenu. Kabla ya kuendelea, twawaomba mfungue Biblia, msome Yohana 13:1-17, kisha Wagalatia 6:1-5. Mkiisha kusoma, tutasema habari ya mchezo wa watoto. Mtu asicheke. Bwana wetu mwenyewe aliwataja watoto wanaocheza sokoni, akapata katika mchezo wao neno la kuwaambia wakubwa.

Mwajua kwamba shule zetu zilikuwa na mashindano ya michezo. Kulikuwa na mbio fupi na ndefu, kuvuta kamba, mbio za magunia, na mwisho wa yote mashindano ya kurukana mgongo kwa timu za watoto sita sita. Shule ya jirani iliomba uwanja wa kanisa kwa mazoezi, kwa kuwa nyasi zetu ni laini. Wazee wa kanisa wakakubali, na baadhi yetu tukajitolea kumsaidia mwalimu: huyu kushika saa, huyu kupiga filimbi, huyu kuchota maji ya kunywa.

Kwa wazee waliosahau, mchezo wenyewe ni huu. Watoto sita husimama mstari mmoja, kila mmoja hatua tatu hivi mbele ya mwenzake. Wote huinama na kushika magoti, isipokuwa yule wa nyuma kabisa. Huyo huja mbio, huweka viganja vyake viwili juu ya mgongo wa aliye mbele yake, hutanua miguu, huvuka. Akishuka humvuka wa pili, na wa tatu, hata awamalize watano. Kisha hupiga hatua zake tatu mbele, naye huinama. Hapo aliyebaki nyuma huinuka na kuanza. Zamu sita zikitimia, mzunguko umekwisha.

Mchezo huu ni wa kale. Mchoraji mmoja wa Ulaya, Pieter Bruegel, alichora mwaka 1560 picha ya watoto wakicheza michezo mingi ya kila namna, na kurukana mgongo kumo. Picha hiyo ipo hata leo katika mji wa Vienna. Basi watoto wa Kamanga wanarukana kama walivyorukana watoto wa mbali zaidi ya miaka 450 iliyopita. Wala hatudhani kwamba sababu ya kuanguka kwao ilikuwa tofauti na ya watoto wetu.

Sababu hiyo tuliijua katika juma la pili la mazoezi.

Katika timu moja alikuwamo kijana wa darasa la saba, mwenye mbio kuliko wote. Kuruka alikupenda, maana akiruka watu walimpigia makofi. Lakini zamu yake ya kuinama ikifika, aliinama nusu, macho yakitazama pembeni. Hakupenda watoto wa darasa la nne wamwekee mikono mgongoni. Katika timu ileile alikuwamo mtoto mdogo, naye alikuwa na hofu yake. Wengi wetu tumelelewa tukikatazwa kumruka mtu, na huyu wa kurukwa alikuwa mkubwa wake, tena jirani yake, amwitaye kaka. Mtoto alikuja akisitasita. Sisi wenye saa tukapiga kelele, “Haraka! Haraka!” Alipoweka viganja tu, mgongo ukahama. Yule kijana aliinuka kabla ya wakati. Mtoto akaangukia mkono, na mfupa wa karibu na kiganja ukavunjika.

Jioni ile mama yake alivuka naye kwenda hospitali ng'ambo, amemfungia mkono kwa khanga. Watu kivukoni walimpisha akae.

Jumapili iliyofuata tuliyaona matunda yake. Wakati wa kupeana amani, mama wa mtoto aliwashika mikono watu wa kulia na wa kushoto, akampita mama wa kijana kana kwamba pale pana kiti kitupu. Na wakati wa Ushirika Mtakatifu ulipofika, mama wa kijana hakuinuka. Upande mmoja wakasema, “Alifanya makusudi.” Upande wa pili wakasema, “Mtoto wenu ni mwoga.” Mama hawa wawili kwa miaka mingi walikuwa wakienda ziwani pamoja na kutwishana ndoo za maji. Sasa kila mmoja alimngoja mwenzake aondoke kwanza, na kila mmoja akalazimika kujitwika peke yake.

Ndugu, hatuandiki haya kuwaaibisha watu. Wenyewe wameturuhusu kuyaandika, mradi tusiwataje majina. Twaandika kwa sababu kosa la kwanza halikuwa lao. Lilikuwa letu.

Baada ya ibada ile tulikaa na mwalimu chini ya mwembe, tukaanza kupima ni nani mwenye hatia zaidi, mtoto au kijana. Mwalimu alitusikiliza, kisha akauliza, “Siku zote hizi, mmewafundisha mara ngapi kuinama?” Tukanyamaza. Akachukua kijiti akatuandikia hesabu mchangani. Timu ni ya watoto sita. Katika mzunguko mmoja kila mtoto huruka migongo mitano, naye hurukwa mara tano. Hakuna aliyepunjwa. Lakini wakati wowote ule ukitazama, anayeruka ni mmoja tu, na walioinama ni watano. Katika zamu sita, mtoto ana zamu moja ya kuruka na zamu tano za kuinama. Nasi tulikuwa tumetumia siku zote kufundisha ile moja, na zile tano tukaziacha zijifundishe zenyewe.

Basi mazoezi yakaanza upya, na safari hii tukaanza na mgongo. Mwanzo ulikuwa mgongo wa chini kabisa: mtoto hupiga magoti, hujikunja kama kobe, kichwa ndani, na hata aliye mdogo humvuka bila hofu. Walipozoea, mgongo ukapanda kidogo: aliyeinama husimama na kushika miguu yake chini ya magoti. Mwisho kabisa ndipo wakashika magoti. Walifundishwa kutanguliza mguu mmoja kidogo ili wasiyumbe, kukaza mikono, na kubana kidevu kifuani ili kichwa kisipigwe. Aliyeinama hawezi kuona, hivyo hutega sikio. Wala hainuki mpaka asikie miguu ya mwenzake imegusa chini mbele yake.

Nao wenye kuruka walifundishwa upya. Hakuna haja ya kuja kutoka mbali. Hatua chache zatosha. Miguu miwili huondoka chini pamoja. Viganja huwekwa bapa karibu na mabega, si shingoni wala kiunoni. Anayeruka husukuma na kupita, hamkalii mwenzake. Macho hutazama mbele, na akishuka, hushuka kwa vidole vya miguu na magoti yamelegea, tayari kwa mgongo unaofuata. Na saa tukaifunga. Kwa siku nne hakuna aliyesema “haraka”.

Tukiwatazama siku zile, Neno la Mungu likaanza kutuchoma. Twawaletea mambo matatu tuliyoyapokea.

La kwanza ni juu ya kuinama. Twasoma katika Yohana 13 kwamba Bwana Yesu alijua ya kuwa Baba amempa vyote mikononi mwake, na ya kuwa alitoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu. Akiwa anajua hayo yote, aliondoka chakulani, akajifunga kitambaa, akaanza kuosha miguu ya wanafunzi. Angalieni jinsi Yohana alivyoyapanga. Hakuinama kwa sababu alikuwa hajui cheo chake. Alikijua, na kwa hiyo aliweza kuinama. Kijana wetu aliinuka kabla ya wakati kwa sababu alidhani kuwa chini ya mdogo ni kupungukiwa. Nasi mara ngapi tumeinuka hivyo? Mzee ameombwa ushauri na kijana, akampa nusu, akamwachia aanguke ili aonekane kwamba bila mzee haiwezekani. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika Kanisa twainama kwa ajili ya haja zetu wenyewe, na twainama zaidi kwa ajili ya mwenzetu apate kupita.

La pili ni juu ya kuruka. Katika sura ileile Petro alikataa kuoshwa. Alionekana mnyenyekevu, lakini Bwana alimwambia kwamba asipooshwa hana sehemu naye. Ndivyo alivyokuwa mtoto wetu mdogo. Alisitasita mbele ya mgongo wa mkubwa kwa heshima na hofu, na mwenye kusitasita juu ya mgongo humchosha mwenzake na kujiumiza mwenyewe. Vijana, mnapopewa nafasi ya kusoma somo kanisani, kuongoza kwaya, kusimamia mradi wa mashine au wa kuku, wekeni mikono yenu yote miwili, mvuke. Mwandishi wa Zaburi ya 18 alishuhudia kwamba kwa msaada wa Mungu aliuruka ukuta. Heshima ya kweli kwa aliyeinama ni kuvuka salama, kisha kwenda mbele na kuinama wewe.

La tatu ni juu ya zamu. Wengi hujiuliza jinsi Mtume Paulo, katika sura moja ya Wagalatia, anavyosema kwanza kwamba tuchukuliane mizigo, na mara baadaye kwamba kila mtu atauchukua mzigo wake. Je, anajipinga? Nendeni mkaitazame timu ya watoto sita. Hakuna awezaye kuruka kwa niaba ya mwenzake. Miguu ni yake. Wala hakuna awezaye kuruka kama hakuna migongo. Mambo hayo mawili hukaa katika mstari mmoja bila kugombana.

Lakini hapa yatupasa tuseme neno zito. Wako wanaotumia fundisho la kuinama ili wengine wainame siku zote. Mume anayemtaka mkewe awe mgongo tangu ndoa hata kaburi, naye haulizi lini zamu ya mkewe kuinuka. Nyumba iliyomchukua binti wa kazi kutoka kijijini, ikamnyima usingizi na shule, ikaita hiyo ni adabu. Wakubwa wanaowaagiza wadogo kazi zote chafu. Ndugu, hesabu ya mwalimu ni tano kwa tano. Palipo na mmoja anayeruka kila siku na mwingine anayerukwa kila siku, hapo hapana mchezo tena, wala hapana Injili, pana dhuluma. Bwana aliyeosha miguu aliwaambia waliooshwa waoshane wao kwa wao. Hakumchagua mmoja awe mwoshaji wa wote.

Na tusidhani kwamba imani hii ilitufikia bila migongo. Kusini mwa Ghuba hii yetu ya Mwanza palikuwa na kituo cha misioni kilichoitwa Usambiro. Hapo aliishi Alexander Mackay, fundi wa mitambo kutoka Scotland, aliyefika Uganda mwaka 1878 na kufukuzwa mwaka 1887. Hapo Usambiro ndipo Askofu Henry Parker alipofariki mwaka 1888, hata kabla ya kufika Uganda alikokuwa akienda. Mackay alibaki. Alifua chuma, na alichapa kurasa za Maandiko kwa Kiganda kwa ajili ya Wakristo wa ng'ambo ya Ziwa ambao hakuruhusiwa kukaa nao. Mwaka 1889 msafiri Stanley alipita hapo na kumshauri waondoke pamoja wakapumzike Ulaya. Mackay akakataa. Tarehe 8 Februari 1890 alikufa kwa homa, akiwa na umri wa miaka 40. Hakuona Kanisa kubwa lililoota Uganda. Dayosisi ya Victoria Nyanza ilianzishwa mwaka 1963, miaka 73 baada ya kifo chake. Yeye na wale Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa, waliobeba mizigo, waliofundisha kusoma chini ya miti, walikuwa migongo. Walisikia miguu ya wengine ikigusa chini mbele yao, au hawakusikia kabisa. Lakini hawakuyumba.

Sasa turudi kwa wenzetu wawili. Siku moja jioni, baada ya mazoezi, yule kijana alimwomba baba yake waende pamoja nyumbani kwa mtoto. Alisimama mlangoni. Alisema maneno machache, lakini yalikuwa kweli yote. Alisema kwamba hakuteleza. Aliinuka kwa sababu aliona aibu kuwa chini ya mtoto mdogo mbele ya watu. Ilikuwa rahisi kusema aliteleza. Sote tungaliamini, na mama yake mwenyewe alikuwa amekwisha kulisema hilo. Mama wa mtoto alikaa kimya kitambo. Kisha akaingia ndani akatoa kigoda, akakiweka mbele ya kijana, akamwambia, “Kaa, mwanangu.” Hakusema zaidi siku ile. Tangu hapo kijana alimbebea mtoto mkoba wa shule kila asubuhi mpaka plasta ilipoondolewa.

Siku ya mashindano ikafika. Mtoto mwingine alichukua nafasi ya aliyeumia. Kijana aliomba awekwe mahali ambapo mrukaji mdogo ataanzia kwake, kwa sababu mgongo wa kwanza ndio wenye hofu kubwa. Naye yule mdogo, mkono ukiwa bado katika plasta, alisimama kando ya mstari akiwaangalia walioinama, akiwaambia, “Bado! Bado!” mpaka aone miguu imegusa chini, ndipo aite, “Haya!” Timu yetu ilishika nafasi ya tatu kati ya tano. Hatukupata kikombe. Lakini katika mizunguko yote hakuna mtoto aliyeanguka, na tulishangilia kana kwamba tumepata.

Mama wale wawili wamepeana amani, na ndoo zinatwishwa tena ziwani. Nanyi mwajua, kumtwisha mwenzako ndoo ni lazima wote wawili mwiname kwanza. Hatutawadanganya kwamba yote yamekwisha. Mmoja wa akina baba bado hupita njia nyingine akimwona mwenzake anakuja. Tunamwombea, wala hatumharakishi. Tumejifunza ubaya wa kupiga kelele za “haraka” kwa mtu ambaye bado anaogopa kuruka.

Lakini swali la mwalimu twawaachia ninyi nyote, kama alivyotuachia sisi. Twawafundisha watoto wetu kushinda mitihani, kupata kazi, kupanda. Ni vema, nao wana haki ya kuruka. Je, zile zamu nyingine tano tumewafundisha mara ngapi? Wametuona lini tukiinama? Mtoto hujifunza kuinama kwa kumwona baba yake akiomba radhi, mzee wa kanisa akifagia, mama mkubwa wa Umoja wa Mama akimpisha mdogo azungumze, mhazini akikabidhi daftari na ufunguo zamu yake ikiisha, kwa uso wa furaha. Tusipofanya hayo, tutalea warukaji hodari wasio na migongo ya kurukia, na wote wataanguka.

Basi Jumapili ijayo, wakati wa kupeana amani ukifika, kila mmoja wetu atazame pale anapoona kiti kitupu. Huenda pale pana mtu. Piga hatua zako tatu, umfikie.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyejua cheo chako ukainama, utufundishe kuinama bila kunung'unika na kusimama imara mpaka mwenzetu avuke. Utuondolee aibu ya kuwa chini ya wadogo, na hofu ya kupokea msaada wa wakubwa. Uwainue waliolazimishwa kuinama siku zote, na utuvunje moyo sisi tulio juu ya migongo yao. Uwaponye watoto wetu walioumia kwa haraka yetu, na utupatanishe majirani kwa majirani, nyumba kwa nyumba, kwa ajili ya Jina lako. Amina.